Binti kaanza fom wani kwa masista, achukue Kifaransa au Kichina?

Bi_Tabata
Habari za jioni wanajukwaa. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa "shule gani nzuri Dar", huu ni tofauti. Binti yangu yuko fom wani kwenye shule moja ya masista hapa mjini, wiki iliyopita karudi na karatasi mzazi achague lugha, Kifaransa au Kichina, na ukishatia saini hamna kubadili mpaka fom foo. Baba yake anasema yote kupoteza muda, bora tuisheni ya fizikia. Mimi nilikisoma Kifaransa shuleni, mwalimu akahamishwa hakuja mwingine, nimebaki na bonjour tu mpaka leo. La pili, sisi Waislamu, mtoto kakaa madrasa miaka sita, bibi yake hana raha na hizo Misa. Mliosoma huko nisaidieni. Nawasilisha.

Mzee_wa_Klaringi
Dada mimi kazi yangu mizigo ya Kongo. Mteja wa Lubumbashi tukiongea kwenye simu ni Kiswahili mwanzo mwisho, cha kwao lakini tunaelewana, sasa subiri atume makaratasi, Kifaransa kitupu! Hapo ndo tunaanza kukimbizana kutafuta mtu wa kutusomea. Ofisini kuna binti mmoja anakijua, mambo ya ushuru yeye hatuzidi hata kidogo ila akiomba ruhusa bosi anaumwa kichwa. Shemeji mwambie fizikia na Kifaransa havigombani.

msela_wa_Kkoo
Napingana na mzee hapo juu kwa heshima. Kichina. Zunguka Kariakoo uone mzigo unatoka wapi, halafu pale UDSM kuna Taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina tangu 2013, mtoto akimaliza shule ana pa kuendelea na mtihani wa HSK wa kupima Kichina upo. Watu wanaogopa herufi, kweli zinachosha, ni kuandika kila siku kama zamani tulivyokariri tebo, lakini kitenzi hakibadiliki, jana leo kesho ni kile kile. Kigumu ni sauti, "ma" moja ukiipandisha ni kitu kingine ukiishusha ni kingine, unaweza kumtukana mama wa mtu hivi hivi.

Madam_wa_Lugha
Nafundisha Kifaransa sekondari, kwa hiyo mnisamehe nikivutia kwangu 😅. Mama, kabla hujachagua lugha uliza shule mambo matatu: vipindi vingapi kwa wiki, walimu wangapi, na mwaka jana wangapi walikaa mtihani wa NECTA wa lugha hiyo. Yaliyokukuta wewe ndo yanayoua lugha shuleni, mwalimu ni mmoja, akiondoka na somo limeondoka.

Halafu kuna kitu kinaniuma. Watoto wanafundishwa Kifaransa kupitia Kiingereza, wakifika kwenye le ya kiume na la ya kike wanashangaa kwa nini meza iwe ya kike, kwa sababu Kiingereza hakina hayo. Mimi huwa nafunga mlango naweka Kiswahili. Nawauliza, kwa nini kiti kimevunjika lakini meza imevunjika, nani kawaambia? Wanacheka, wanaelewa palepale, ngeli wanazo tangu wananyonya, Kifaransa kina mbili tu. Nikitoka nje namkuta mtoto kavishwa kibao shingoni kisa kaongea Kiswahili, shule hiyohiyo inayojisifu kufundisha lugha za dunia! Na hao mapadri wa Kifaransa waliofika Bagamoyo 1868 walijifunza Kiswahili, na mmoja wa waliowafuata, Padri Sacleux, akatunga kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa Paris 1939.

Akifika fom faivu kuna kombi ya KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na pale Upanga Alliance Française wana mitihani ya DELF ya cheti cha Kifaransa, hata A1, ile ngazi ya chini, inampa moyo.

Abuu_Mbagala
Mimi nimesoma kwa mapadri, Muislamu mwenzenu. Asubuhi tulisimama asembli sala zikapita, kwenye Misa tulibaki darasani tunajisomea, Ijumaa tulitoka kwenda msikitini. Kila shule na utaratibu wake lakini, nenda kaongee na sista mkuu mapema kabla bibi hajapata presha. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo la NECTA kama Bible Knowledge, ulizia kama ataruhusiwa kulifanyia mtihani. Nilichofaidi ni kwamba nazijua Kwaresima na Majilio kuliko baadhi ya Wakristo mtaani, Krismasi siulizi maswali ya kijinga. Na mbona mmesahau Kiarabu? Miaka sita ya madrasa herufi anazo tayari, kilichobaki ni kuelewa anachosoma.

Bi_Tabata
Ahsanteni sana, Abuu hilo la Kiarabu limenigusa, hapo shuleni halipo ila Jumamosi tutaona. Nimepiga simu leo. Kifaransa vipindi vinne walimu wawili, Kichina mwalimu mmoja anakuja Jumatano na Ijumaa. Nimetia saini Kifaransa. Misa si lazima, sista kasema mwenyewe. Baba yake kanuna, bibi yeye anauliza tu kama Wafaransa wana shikamoo.

Madam_wa_Lugha
Hawana mama, ila mwambie bibi asiwe na shaka, mkubwa haambiwi "tu" yaani wewe, anaambiwa "vous" yaani nyinyi, ya heshima.