Mliopasuliwa mgongo, mlichanganya vipi dawa za maumivu? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Hii ni wiki ya 6 tangu nipasuliwe, pingili mbili za kiuno zimeungwa kwa vyuma na skrubu. Nilirudi nyumbani na dawa tatu: parasetamoli kila baada ya saa 6, tramado (ile kali ya maumivu), na pregabalini ya usiku kwa ajili ya mshipa wa fahamu unaochoma mguuni. Nikaidharau parasetamoli, nikaiacha. Usiku wa tatu mgongo ukawaka moto, nikameza tramado mbili kwa mpigo. Kizunguzungu, kisha kutapika. Kutapika na mshono mbichi mgongoni, jamani, nilishika ukingo wa kitanda nikalia. Asubuhi daktari akaniambia parasetamoli ndiyo msingi: kila dawa inazuia maumivu kwa njia yake, na ukiimeza hiyo kwa saa, ile kali unaihitaji kidogo tu. Nimefuata, na kweli nimetulia. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Pacha
Pole sana ndugu yangu. Mimi sikuteswa na kidonda, niliteswa na choo. Siku 5 kavu! Tramado, kodeini na mofini zote zinapunguza mwendo wa utumbo, na kujikamua ukiwa umetoka kupasuliwa mgongo ni adhabu. Ombeni dawa ya kulainisha choo siku ileile mnayoanzishiwa hizo, msisubiri kama mimi.

Mzee wa Mkongojo
Mimi nilipata mafua nikaenda kununua dawa. Mfamasia akaniuliza natumia nini kingine, nikamwonyesha. Kumbe vidonge vya mafua vilikuwa na parasetamoli ndani, nami tayari nilikuwa kwenye gramu 4 kwa siku, ndio mwisho kwa mtu mzima. Nisingeulizwa, ini lingeumia nami sina habari.

Dada Mkubwa
Naandika kwa niaba ya mume wangu. Alikuwa na mofini ya vidonge na pregabalini. Usingizi ukamkataa, akaongeza kidonge cha usingizi alichokuwa nacho zamani, hakuniambia. Alfajiri namwita, anakoroma tu. Nikamwekea mkono kifuani nikatazama saa ya ukutani: pumzi 7 kwa dakika nzima. Tulimkimbiza hospitali, akapona, namshukuru Mungu. Mnaouguza, ukiona mgonjwa haamki vizuri au pumzi zimepungua, usisubiri kupambazuke.

Kiuno Chuma
Kuna anayetumia diklofenaki, ile dawa ya maumivu na uvimbe? Daktari wangu amenikatalia, kasema mfupa ukiwa bado unaunga anaogopa itachelewesha. Shemeji yangu aliyetolewa diski tu, bila kuungwa mfupa, alipewa.

Mzee wa Mkongojo
Hata mimi nilikatazwa, ila kwa sababu ya figo. Hapo usiige dawa ya jirani hata kidogo, upasuaji hutofautiana.

Mwanzisha mada
Dada Mkubwa, umenishtua, nimempa mke wangu asome. Sasa nina daftari kando ya kitanda: saa, dawa, kiasi, na maumivu kati ya 0 na 10. Tramado nimeacha. Pregabalini naambiwa nisiikate ghafla, tunaishusha taratibu. Ila mazoezi bado yananitesa. Nani alimeza dawa kabla ya mazoezi, na muda gani kabla?

Mama Pacha
Mimi parasetamoli yangu ya asubuhi niliipanga nusu saa hadi saa nzima kabla, bila kuongeza dozi. Siku ya kwanza nilifika mlangoni na kurudi. Jana nimepanda ngazi.