Prius ya nyumbani Moshi: nitengeneze au niuze?

Kutoka: Binti wa Kibosho, Reading (Uingereza)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Gari la nyumbani limeninyima usingizi. Ni Prius ya 2010, haibridi inayotumia petroli na umeme wa betri, ile ya injini 1.8, imetembea kilomita 241,000. Nililinunua ili mama asipande bodaboda kutoka Kibosho kwenda kliniki KCMC, ila mdogo wangu analitumia pia kwa biashara yake ya ndizi, hadi soko la Kiborloni. Sasa limewasha taa ya onyo ya pembetatu nyekundu, na feni ya nyuma inavuma hadi watu wanapandisha sauti. Wakianza kupanda kwenda nyumbani, alama za betri zinaporomoka ghafla. Wakiteremka, zinajaa papo hapo.

Fundi wa kwanza anataka milioni tatu na nusu kwa betri kubwa ya mtumba. Wa pili anasema atabadilisha seli mbili kwa laki nne. Wa tatu anashauri betri itolewe kabisa, gari litembelee mafuta kama mengine. Na kuna jirani ametaja milioni saba, alichukue lilivyo. Nauza au natengeneza? Au nisafirishe hii ninayoendesha huku?

Kutoka: Wa Sakina, Arusha (zamani Leeds)

Marahaba dada. Tuanze na fundi wa tatu ili tumalizane naye. Prius haina stata. Injini huwashwa na mota iliyo ndani ya gia boksi, na mota hiyo inakula umeme wa betri kubwa. Ukitoa betri, gari limelala. Ushauri huo nausikia sana hapa Unga Limited, na magari yanazidi kuvutwa kwa kamba.

Wa pili si mwongo, ila anakuuzia miezi. Betri yako ni moduli 28 (ndizo anazoziita seli), kila moja volti 7.2, zimepangwa mfululizo hadi zinafika volti 201.6. Zote zina umri mmoja na zimekula joto lilelile. Ukiweka mbili zilizotoka kwenye gari la ajali, zile 26 bado zimechoka, na hizo ngeni haziendi nazo sawa. Taa itazima, utafurahi, halafu moduli nyingine inafuata. Laki nne hiyo inamfaa mtu anayetaka taa izime ili auze. (Jirani yako naye anaweza kuwa anapiga hesabu hiyohiyo.)

Mwambie mdogo wako achungulie pembeni ya kiti cha nyuma. Pale kuna tundu ambalo feni inavutia hewa ya kupoza betri. Viti vikilazwa, mikungu ikapangwa juu, tundu linaziba. Ongeza vumbi la Kiborloni na joto la Moshi la Februari, hapo betri inapikwa. Kusafisha si kazi kubwa, ila afanye fundi anayejua kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, kwa sababu umeme ule unaua. Akishafungua, asugue na vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, huwa vinashika kutu ya kijani. Kuna magari yanapona hapohapo. Kwa dalili ulizotaja, lako sidhani.

Lakini betri siyo inayonitia wasiwasi. Prius za kizazi hicho, za kuanzia 2009, ugonjwa wake uko kwenye injini. Kuna mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani, EGR, na kipoozeo chake huziba kwa masizi. Mafundi wengi wanaozijua wanalihusisha hilo na gasketi ya silinda hedi kuachia. Ikiachia, maji yanapenya kwenye silinda kidogo kidogo. Dalili yake utaipata asubuhi: ukiwasha gari likiwa baridi, injini inatikisika na kugonga kama inataka kuruka, kisha inatulia. Mchana huoni kitu. Na koolanti (maji ya kupoza injini) inapungua wakati chini ya gari hakuna hata tone. Weka betri ya milioni tatu na nusu juu ya injini ya namna hiyo, utakuwa umemnunulia betri atakayekuja kununua spea.

Kwa hiyo usitume hela ya betri kwanza. Tuma hela ya kupima. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa haibridi, siyo ile inayosoma taa ya injini peke yake. Betri yako inasomwa kwa makundi 14 ya moduli mbili mbili. Apande nalo mlima wa Kibosho huku mashine inasoma: makundi yote yakishuka pamoja, ni uchovu wa betri nzima, moja likidondoka peke yake, ndilo bovu. Akupigie picha ya skrini, uione kwa macho yako. Ikionekana namba ya hitilafu P0A80, gari lenyewe linakwambia betri yote ibadilishwe. Na anayepima asiwe anayeuza betri. Mlipe wewe mwenyewe kwa simu, isipitie mikono mitatu.

Koolanti haina gharama. Mdogo wako aweke alama ya kalamu kwenye tangi, aangalie kila alfajiri kabla ya kuwasha. Matangi ni mawili, la injini na la inverta (kifaa cha umeme wa mota). Tunataka la injini.

Kuhusu kilomita, 241,000 peke yake hainitishi. Mota inasaidia kupunguza mwendo, ndiyo maana breki pedi za magari haya zinadumu kuliko tulivyozoea. Shokapu na bushi zitakuwa zimekwisha, lakini hizo hata gari la miaka mitatu zinakwisha kwa barabara zetu za juu. Injini ikiwa salama, mimi ningeweka betri kamili yenye dhamana ya maandishi na mikungu ya ndizi ingetafutiwa usafiri mwingine. Milioni saba za jirani usizilinganishe na gharama ya fundi. Jiulize milioni saba, ukiongeza ile tatu na nusu, zitakupa gari gani pale Moshi ambalo historia yake unaijua.

Kutoka: Mangi wa Marangu, Houston

Kaka wa Sakina amesema vizuri ila mimi ningeuza. Huku nina haibridi na siiachi, kwa sababu foleni zetu ndizo zinazoilipa: unasimama, injini inazima, unasogea kwa umeme. Lile la mama linapanda mlima, linateremka, siku nyingine linakwenda Arusha kilomita themanini za lami kwa mwendo mmoja. Faida ya mafuta ipo, ila si ile inayosemwa. Halafu siku likigoma hapo Kibosho saa moja jioni, nani atalishika? Gari dogo kama Passo au IST, kila fundi wa Majengo analijua. Mama anahitaji gari linalotengenezeka Jumapili.

Kutoka: Dada wa Usa River, Coventry

Nijibu la kusafirisha tu, maana nililipigia hesabu mwaka jana nikaacha. Gari likifikisha miaka minane tangu kutengenezwa, TRA wanaongeza ushuru wa umri, asilimia 15, na likizidi miaka kumi ni 30. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na ule wa ukubwa wa injini, ambao kwa cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Passo yenye cc 996 inaukwepa huo wa mwisho. Ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujaenda kwa mtu wa meli. Ukihama kurudi moja kwa moja, na gari umelimiliki na kulitumia huku angalau miezi 12, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ina msamaha, lakini wewe huhami.

Na Prius za huku nyingi zilikuwa teksi. Historia ya MOT (ukaguzi wa magari wa kila mwaka huku Uingereza) iko wazi mtandaoni, bure, kilomita zake utaziona mwaka hadi mwaka. Kumbuka ni maili.

Kutoka: Binti wa Kibosho, Reading

Ahsanteni sana. Nimefuata ya kaka wa Sakina hatua kwa hatua.

Tundu la feni lilikuwa limejaa majani makavu ya mgomba na kitu kinachofanana na pumba. Makundi mawili ya betri yanadondoka mlimani, mengine yako pamoja. Hapo nikawa tayari kununua betri. Halafu nikauliza habari ya koolanti. Mdogo wangu, bila wasiwasi wowote, akanijibu kwamba hiyo si tatizo, yeye anaongeza maji ya bomba tangu Pasaka na gari linaendelea vizuri. Na asubuhi linatetemeka? Linatetemeka, lakini ni baridi ya Kibosho.

Basi nimeuza. Jirani ameelezwa kila kitu, betri na gasketi, akashuka hadi milioni sita, nikakubali. Ana injini nyingine kwa mjomba wake, anajua anachokifanya. Umiliki umehamishwa TRA kabla hajalitoa getini, kwa sababu faini za trafiki zinafuata namba ya gari na mimi sitaki kudaiwa mwendo kasi wa Boma Ng'ombe nikiwa Reading.

Mangi, nilimpelekea mama wazo lako la Passo. Amesema Passo itakwama masika kwenye ile kona ya kanisani, na kwamba hata hiyo Prius ilikuwa inamkwaruza chini siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo sasa natafuta kitu kilichonyanyuka kidogo, injini isiyozidi cc 2,000, petroli ya kawaida. Rush au RAV4 ya zamani, sijui mnaonaje. Mdogo wangu ametafutiwa nafasi kwenye kirikuu cha rafiki yake, analipia kwa mkungu.

Mwenye anayemjua muuzaji Arusha au Moshi, gari likiwa na kadi ya jina lake mwenyewe, aniandikie pembeni. Kaka wa Sakina, ukiwa na Jumamosi huru nitakuomba uende ukaliwashe alfajiri, kabla mwenyewe hajaamka kulipasha moto.