Uliyewahi kung'atwa na kupe au papasi, ulifanya nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mvua zimeanza, majani yameota na kupe wamejaa malishoni. Aliyewahi kung'atwa atueleze alivyofanya.

Naanza. Nilitoka Kongwa kuangalia ng'ombe wa mzee, usiku nikamkuta kupe kwapani, ameshika kweli. Mjomba akaleta mafuta ya taa, nikamwomba aache, maana kupe akisumbuliwa anaweza kutema mate kwenye jeraha. Nilimbana kwa kibanio cha nyusi pale kinywa kinapogusa ngozi, nikamvuta polepole bila kumzungusha, nikaosha kwa sabuni. Homa haikuja.

Mama wa Mvumi
Huyo wa ng'ombe angalau unamwona. Papasi, yaani kupe wa kwenye tembe (nyumba ya udongo), humwoni. Anajificha kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, anatoka usiku, ananyonya kama nusu saa, anarudi zake. Mwanangu alipata homa kali, kichwa kinagonga, anatapika. Kipimo cha haraka cha malaria kikasema hana. Homa ikakata yenyewe, tukamshukuru Mungu. Wiki ya pili ikarudi vilevile! Ndipo tabibu akaagiza damu iangaliwe kwenye darubini, wakaona vijidudu vilivyojisokota. Homa ya papasi. Wazazi wenzangu, kile kipimo cha haraka kinatafuta malaria tu. Kama mtoto amelala kwenye nyumba ya udongo, mwambieni daktari, na ombeni darubini.

Muuguzi, Dodoma mjini
Mama wa Mvumi amesema jambo kubwa. Naongeza: ukipewa dozi ya kwanza ya homa ya papasi usikimbilie nyumbani. Saa chache baadaye mgonjwa anaweza kutetemeka sana, joto likapanda kisha presha ikashuka, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi mara moja. Abaki aangaliwe. Mjamzito ndiye ninayemwogopea zaidi, homa hii inaweza kuharibu mimba. Asijinunulie doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) dukani, kituoni atapewa dawa inayomfaa, kama penisilini au erithromaisini.

Mfugaji wa Mpwapwa
Mimi kupe wa porini aliniachia kigaga cheusi mguuni, tezi za kinena zikavimba, homa ikafuata. Nilimwonyesha daktari kile kigaga, akajua mara moja kuwa ni homa ya kung'atwa na kupe, akaniandikia doksisaiklini. Msikifiche kidonda kwa plasta mkienda hospitali.

Kijana wa Bahi
Sisi tuliingia tembe la bibi lililokaa tupu muda mrefu, tukadhani papasi wamekufa kwa njaa. Papasi anaweza kukaa miaka bila kunyonya. Tukaziba nyufa, tukamwaga sakafu ya saruji, kitanda tukakisogeza mbali na ukuta na chandarua chenye dawa tunakichomeka chini ya godoro. Muuguzi, kuna dawa ya kupulizia ukutani ambayo ni salama tukiwa na mtoto mchanga ndani?