MREJESHO: Kuwatofautisha wapiga saksafoni wanne wa Tenor Conclave

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kujua nani anapuliza wakati gani kwenye Tenor Conclave, albamu ya jazi ya kampuni ya rekodi ya Prestige iliyorekodiwa Septemba 7, 1956: saksafoni nne za teno, Hank Mobley, Al Cohn, John Coltrane na Zoot Sims.

Ushauri niliopewa wa kusikiliza kwa hedifoni ili kuwatenganisha haukunisaidia. Rekodi ni ya mono, yaani sauti ileile inatoka kushoto na kulia, hivyo wote wanne wanatokea mahali pamoja.

Kilichofanya kazi ni kumsikiliza kila mmoja kwanza kwenye kazi zake nyingine, kisha kuanza na wimbo wa taratibu, How Deep Is the Ocean. Hapo pumzi inasikika. Coltrane sasa namjua papo hapo: sauti kavu, yenye makali, kama mtu mwenye haraka ya kusema jambo. Mobley ni laini, wa mviringo. Nilifurahi mno!

Cohn na Sims bado wananichanganya. Wote walipitia bendi ya Woody Herman na wote walifuata mtindo wa mpiga saksafoni Lester Young, kwa hiyo wanafanana kweli. Naendelea nao.

Asanteni sana, hasa aliyeniambia nianze na wimbo wa taratibu.