Baridi ya ndani na mgonjwa wa moyo: naomba ushauri

Kutoka: Kijana wa Coventry

Ndugu zangu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Nina jambo la mama. Ana miaka 74, anaishi peke yake kwenye fleti hapa Uingereza, na madaktari wamesema moyo wake umepungukiwa nguvu ya kusukuma damu. Dawa anazo na anazijua. Kinachonikosesha usingizi ni hita. Mita yake ni ya kulipia kwanza, mfano wa LUKU, na kila nikienda namkuta kajifunika mablanketi na kitenge juu, redieta imepoa kabisa. Nikiuliza ananijibu, "Mwanangu, mimi sisikii baridi. Hiyo hela wapelekee wajukuu." Usiku ndiyo hawashi kabisa. Sasa miguu imeanza kuvimba tena. Je, baridi ya ndani inaweza kweli kumdhuru mtu wa moyo, au nahangaika bure? Na kuna msaada wowote wa bili?

Kutoka: Nesi, Leicester

Marahaba mdogo wangu. Huhangaiki bure. Kwanza hiyo miguu: piga simu leo kwa nesi wake wa moyo au kwa daktari wake, usingoje miadi. Mama apande mizani kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, na aandike. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hajanenepa. Akikosa pumzi hali amekaa tu, au kifua kikimbana, hapo ni 999, namba ya dharura.

Tuje kwenye baridi. Mwili ukipoa, mishipa midogo ya ngozi hujibana ili joto lisipotee. Presha inapanda, na moyo ambao tayari umechoka unalazimika kusukuma damu kwenye njia iliyobanwa. Damu nayo inakuwa nzito na rahisi kuganda. Haya yote yanamkuta mtu akiwa kwenye kochi lake anatazama televisheni, hajatia hata mguu nje.

Hayo ya "sisikii baridi" usiyategemee. Umri ukisogea, mwili unachelewa kutambua kwamba umepoa. Mnunulie kipimajoto cha chumbani, bei yake ni pauni chache, ukiweke pale anapokaa. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha joto la ndani, na NHS, huduma ya afya ya serikali, inasema hivyohivyo kwa wazee na wagonjwa. Chumba cha kulala kimo, usiku kucha, na dirisha lifungwe. Kama pesa haifiki nyumba nzima, pasheni sebule na chumba cha kulala, milango ifungwe, taulo liviringishwe chini ya mlango. Na kochi lisikae mbele ya redieta. Nimeingia nyumba nyingi ambako kinachopata joto ni mgongo wa kochi.

Sasa kuna hili, ambalo nalikuta kazini mara nyingi kuliko mnavyodhani. Wazee wetu wanaruka kidonge cha maji, kile cha kutoa maji ya ziada mwilini kwa mkojo. Si kwamba wamesahau. Kidonge kinawapeleka chooni, na choo ni baridi kama friji, hivyo wanaona heri wasikimeze. Maji yanabaki mwilini, miguu inavimba, usiku wanalala wameegemea mito mitatu. Muulize mama kwa upole, usimhoji kama polisi. Kama ndivyo ilivyo, washa redieta ya korido na ya chooni, kisha mwombe nesi wake aangalie kama saa ya kumeza inaweza kurudishwa asubuhi. Msiibadilishe wenyewe.

Kutoka: Mjomba, Reading

Sisi tulipofika nchi hii hita zilikuwa anasa. Tulikuwa tunakoka jiko la mkaa nje, moshi ukiisha tunaliingiza ndani, dirisha tunaacha wazi kidogo. Nyumba nzima inachangamka. Mbona tuko hai?

Kutoka: Nesi, Leicester

Shikamoo mjomba. Kwa heshima zako zote, hapana. Moshi ukiisha ndipo hatari inapojificha, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa, haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na moyo dhaifu ndio wa kwanza kuzidiwa. Jiko la mkaa, grili ya nyama choma, kuacha oveni ya gesi wazi ili ipashe jikoni: yote marufuku ndani ya nyumba. England, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba anawajibika kuweka kengele ya kaboni monoksidi kwenye chumba chenye boila ya gesi. Kijana, angalia kama kwa mama ipo na inalia ukiibonyeza.

Kutoka: Dada wa ofisi ya ushauri, Manchester

Mimi nijibu ya bili. Ufunguo wa yote ni Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo. Wazee wengi wanaostahili hawaombi, kwa haya au kwa kudhani ni sadaka. Aliye nayo anafunguliwa mengine: Cold Weather Payment, pauni 25 kwa kila siku 7 mfululizo ambazo wastani wa joto la eneo lake ni sifuri au chini, kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi, na Warm Home Discount, pauni 150 kwenye bili ya umeme. Winter Fuel Payment, posho ya kupasha nyumba, kwa mzee anayeishi peke yake ambaye hajafika 80 ni pauni 200. Walio Scotland wana utaratibu wao.

Angalizo: kama viza ya mzazi imeandikwa hana haki ya fedha za umma, asiombe Pension Credit kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji. Lakini kuandikishwa Priority Services Register, orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi zaidi, kwa kampuni ya umeme ni bure na haihusiani na viza. Waambieni ana ugonjwa wa moyo na ana mita ya kulipia kwanza, kisha ulizeni kama inaweza kubadilishwa iwe ya kulipia baadaye. Hapo mama ataacha kulitazama salio likishuka.

Kutoka: Bi Mkubwa, Milton Keynes

Na udhu wa alfajiri je? Maji ya bomba yanakata vidole.

Kutoka: Nesi, Leicester

Bi mkubwa, shikamoo. Maji ya uvuguvugu yanatosha, na bafu lipashwe kabla. Mwenye khufu (soksi za ngozi) alizozivaa akiwa na udhu apanguse juu yake; mkazi wa mji ana mchana mmoja na usiku wake. Msikitini alfajiri ya barafu, mgonjwa wa moyo ana udhuru. Akilazimika kutoka, avae nguo nyembamba nyingi, kofia, na shali puani ili asivute hewa kavu ya baridi.

Mengine haraka. Chanjo ya mafua ni bure kwa mwenye moyo mgonjwa, asiikose, maana mafua ndiyo yanayowalaza wengi. Akiumwa, ibuprofen asiguse, inafanya maji yabaki mwilini. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vina sodiamu nyingi. Dawa za kuzibua pua zinapandisha presha. Amwambie mfamasia "nina moyo" kabla ya kununua chochote. Blanketi la umeme linafaa, ila lisitumike pamoja na chupa ya maji moto, na mwenye ganzi miguuni ataungua bila kujua.

Kutoka: Kijana wa Coventry

Ahsanteni sana. Kipimajoto kilisoma 14 sebuleni, mama mwenyewe akakishika akakitazama mara mbili. Na dada nesi umepiga penyewe: vidonge vya maji vilikuwa vimejaa kwenye droo. Nesi wake amemwona. Hita tumekubaliana haizimwi, na mita naijaza mimi kwa simu. Swali moja kutoka kwake: kawekewa kikomo cha lita moja na nusu kwa siku. Uji wa asubuhi unahesabiwa?

Kutoka: Nesi, Leicester

Unahesabiwa. Na supu, na chai ya tangawizi, na maziwa. Ajaze maji lita moja na nusu kwenye jagi asubuhi. Kila akinywa kitu, amwage kiasi hichohicho kutoka kwenye jagi. Likiisha, basi mpaka kesho.