Mama ana kisukari na rovu, nimtumie ashwagandha na triphala kutoka India?

Mtoto wa Chumbageni:
Habari wakuu, niko Pune huku India nasoma, mwaka wa pili sasa. Mama mwenye nyumba wetu ni mtu wa ayurveda haswa, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, ukiamka na mafua anakuchemshia kadha, yaani majani ya tulsi, tangawizi na pilipili manga, unakunywa ya moto na kweli kifua kinafunguka. Uani kwake tulsi imejengewa kibaraza chake na kila magharibi anaiwashia taa. Sasa nataka kumtumia mama yangu Tanga unga wa ashwagandha maana usiku halali, na triphala kwa sababu choo kinamsumbua sana. Mama ana kisukari anatumia metformini, alafu zamani aliota rovu kwahiyo kila asubuhi anameza kidonge cha tezi ya shingo. Muuzaji anasema ni mizizi tu haina madhara. Kuna mtu anarudi Tanzania Ijumaa, naombeni ushauri kabla sijampa mzigo. Pia mama mwenye nyumba kanipa chupa ya gulkand nimpelekee.

Kungumanga:
Tulsi ni ndugu wa mrehani na kivumbasi chetu, hiyo mama anaijua hata bila mzigo wa India. Ila gulkand usitume kabisa! Ni maua ya waridi yanapangwa na sukari tabaka kwa tabaka yanaanikwa juani wiki kadhaa, wenyewe wanasema inapoza mwili, na ni tamu mno, mwenye kisukari ataimaliza kwa siku mbili.

Mama Famasi:
Mdogo wangu, mfikishie mama shikamoo. Nafanya kazi famasi na naiheshimu hii mimea, ndiyo maana nakwambia ashwagandha usimtumie. Jina lake kwa Kisanskriti maana yake harufu ya farasi, mzizi ule una nguvu, unaweza kupandisha homoni za tezi na mama tayari anameza kidonge alichopimiwa kwa damu yake, akizidisha moyo unamwenda mbio na huo usingizi ndo hataupata tena. Inaweza pia kushusha sukari juu ya metformini, na wapo watu imewaumiza ini, Denmaki waliipiga marufuku 2023.

Triphala ni matunda matatu, amla, haritaki na bibhitaki, hayo mawili ya mwisho ni ukoo mmoja na mkungu wetu. Inalegeza choo kweli. Lakini niulize, mama kapima tezi lini mara ya mwisho? Kidonge kikiwa kidogo kuliko anachohitaji, mtu anafunga choo na kuchoka. Ukimpa triphala utakuwa umeificha dalili. Apimwe TSH kwanza, kile kipimo cha damu cha tezi.

Kungumanga:
Naongezea, akikuuzia chochote chenye bhasma achana nacho, hayo ni majivu ya madini. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima dawa 70 za ayurveda zilizokuwa madukani kwao, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki.

Binti wa Kibokoni:
Kama unataka kutuma kitu kisicho na mashaka tuma mafuta ya haibiskasi. Watu wa Kerala wanaiita chembarathi, maua mekundu wanayachemsha taratibu kwenye mafuta ya nazi wanapaka nywele, na majani wanayaponda yanatoa ute wanaoshea kichwa. Mimi hapa Mombasa nachuma ua kwenye ua wa jirani na nywele zangu zimeacha kukatika.

Mtoto wa Chumbageni:
Asanteni sana, nimempigia dada usiku huu huu. Mama hajapima tezi tangu mwaka juzi!! Na dada anasema siku hizi analalamika baridi hata mchana. Jumatatu anampeleka hospitali na orodha ya dawa zote anazotumia. Mzigo wa Ijumaa nimebakiza mafuta ya nywele tu.

Mama Famasi:
Hiyo baridi mwambie dada amtajie daktari, asisahau. Na asubuhi ya kipimo damu itolewe kwanza ndo ameze kidonge.