Je, Bloch-Sulzberger na inkontinensia pigmenti ni ugonjwa mmoja?

Mama wa Ahero:
Hamjambo. Binti yangu wa miezi mitano alizaliwa na malengelenge madogo yaliyojipanga mistari miguuni na ubavuni. Sasa yamekauka, yakaacha madoa ya kahawia yanayojizungusha kama rangi ya chai inapoanza kuchanganyika na maziwa. Hospitali alikozaliwa waliandika kwenye kijitabu chake cha kliniki "inkontinensia pigmenti", ilhali daktari wa ngozi mjini Kisumu ameandika "sindromu ya Bloch-Sulzberger". Je, mwanangu ana maradhi mawili? Na majirani wanaouliza kama unaambukiza niwajibu nini?

Muuguzi, Nakuru:
Pole mama, na hongera kwa malezi. Ugonjwa ni mmoja. Jina la kwanza ni la Kilatini, na maana yake ni kwamba melanini, ile rangi ya ngozi, haikuzuilika mahali pake bali imevujia tabaka la chini. La pili linatokana na Bruno Bloch na Marion Sulzberger, madaktari walioueleza katika miaka ya 1920. Hauambukizi hata kidogo. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni la IKBKG, ambalo pia huitwa NEMO, na kwa kuwa jeni hilo liko kwenye kromosomu X, wagonjwa karibu wote ni wasichana, kwani mimba za kiume zenye hitilafu hiyo kwa kawaida huharibika.

Kuna jina moja la kuangalia sana. "Inkontinensia pigmenti akromiansi" ni ugonjwa mwingine kabisa, ambao siku hizi huitwa hipomelanosisi ya Ito, na mistari yake hufifia rangi bila kutanguliwa na malengelenge. Neno hilo moja likiongezwa kimakosa kwenye barua ya rufaa, mtoto atafuatiliwa kwa maradhi yasiyo yake.

Baba, Kakamega:
Binti yetu, mwenye umri wa miaka sita, ana hali hiyohiyo. Tuliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu jina lililokuwa kwenye rufaa halikulingana na lililokuwa kwenye faili. Tangu hapo humwomba daktari aandike yote mawili, moja kando ya jingine. Meno yake yalichelewa kuota, na mengine yamechongoka. Lakini mama, tafadhali, uliza kuhusu macho wiki hii: mishipa ya retina inaweza kuharibika katika miezi ya mwanzo, na ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa leza.

Mama wa Ahero:
Asanteni sana. Habari za macho sikuwa nimeambiwa. Kesho asubuhi nakwenda Kisumu na kijitabu.